Kitenzi Kimoja, Simu Mbili na Daftari: Uhakiki wa Nadharia ya Violesura kwa Mizani ya Muhuru Bay

Makala haya yanakusudia kuhakiki nadharia ambayo kwa mtazamo wa juu haimhusu mwanaisimu wala mhakiki wa fasihi, yaani nadharia ya kubuni kwa mbinu za kanuni violesura vilivyotawanywa katika vyombo vingi. Kiolesura ni uso wa mashine unaomkabili mtumiaji: maneno, vitufe, alama na ujumbe anaousoma na kuujibu. Kimetawanywa pale ambapo kazi moja haikamiliki katika uso mmoja, bali huanzia katika simu ya huyu, ikapitia simu ya yule, ikaishia katika karatasi. Mbinu za kanuni nazo ni zile zinazomtaka mbunifu, kabla hajaunda chochote, aandike kwa alama za hisabati na mantiki kila hali ambayo mashine yaweza kuwamo na kila njia ya kutoka hali moja hadi nyingine, ili ithibitishwe, wala si kukisiwa tu, kwamba mtumiaji hatakwama njiani. Neno "rasmi" limeepukwa kwa makusudi. Msomaji wa Kiswahili akikutana na "mbinu rasmi" atafikiria mihuri na barua za serikali, na hatakuwa amekosea. Kosa litakuwa la mfasiri.

Haki ya wanaisimu kulizungumzia jambo hili si ya kuombwa. Nadharia yenyewe ilichota katika kisima chao. Baada ya sarufi zalishi ya Chomsky kutangazwa mwaka 1957, wataalamu wa kompyuta waliichukua dhana ya kanuni za uandishi-upya wakazitumia kueleza lugha za programu. Mwaka 1981 Phyllis Reisner akatumia sarufi ya namna hiyo kueleza vitendo vya mtu anayechora kwa msaada wa mashine, akaonyesha kwamba panapohitajika kanuni nyingi kueleza mambo yaliyo sawa, hapo ndipo mtumiaji hukosea. Stephen Payne na Thomas Green waliiendeleza hoja hiyo mwaka 1986 katika kile walichokiita sarufi ya kazi na vitendo. Kwa hiyo mwalimu wa sintaksia anayeichungulia menyu ya simu yuko nyumbani kwake.

Mashina ya nadharia

Kabla ya vyombo vingi palikuwa na chombo kimoja. Alan Dix na Colin Runciman mwaka 1985 walikieleza kwa vitu vitatu tu: mfuatano wa amri anazotoa mtumiaji, tokeo linalopatikana, na uhusiano unaotoka kwenye amri kwenda kwenye tokeo. Kutokana na vitu hivyo vitatu waliweza kuuliza maswali mazito kwa lugha nyepesi. Je, akitazama anachokiona sasa, mtumiaji aweza kutabiri kitakachofuata? Je, kutoka mahali popote alipo, aweza kufika popote anapotaka? David Harel naye mwaka 1987 alitoa michoro ya hali inayoruhusu hali mbili kwenda sambamba bila kuchanganyikana. Lakini mzee wao wote ni Carl Adam Petri, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1962 ilizaa michoro inayojulikana hadi leo kwa jina la nyavu za Petri.

Nyavu hizo hazivui dagaa, ila mchezaji wa bao hatapata taabu kuzielewa, wala yule wa ajua katika nchi ya Wajaluo. Kuna mashimo, na ndani ya mashimo kuna kete. Tendo halitendeki mpaka kila shimo linalolilisha liwe na kete. Likitendeka, kete huondolewa huku na kuwekwa kule. Faida yake ni kwamba watu wawili wanaongojeana huonekana waziwazi: shimo la huyu lina kete, la yule halina, na tendo limesimama katikati. Philippe Palanque na Rémi Bastide, huko Toulouse, walizitumia nyavu za aina hii kueleza violesura, na baadaye zikatumika katika uchunguzi wa skrini za marubani wa ndege.

Vyombo vilipozidi kuwa vingi ilitokea shule ya tatu. Fabio Paternò wa Pisa, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alieleza miti ya kazi: kazi kuu juu, kazi ndogo chini yake, na baina yao alama zinazoonyesha lipi hutangulia, lipi huenda sambamba na lipi ni la hiari. Kazi ikihusu watu wawili, kila mmoja hupewa mti wake, na mti wa tatu huonyesha wanapokutana. Mwaka 2003 Gaëlle Calvary, Joëlle Coutaz, Jean Vanderdonckt na wenzao walichapisha kiunzi kinachotokana na mradi wa Ulaya ulioitwa CAMELEON. Kiunzi hicho kina ngazi nne. Juu kabisa kuna kazi na dhana. Chini yake kiolesura dhahania, kisichojua bado kama kitakuwa cha skrini au cha sauti. Kisha kiolesura halisi. Na mwisho kiolesura cha mwisho, ambacho ndicho mtu hukigusa. Kazi ile ile iliyo juu hushushwa kwa njia tofauti kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye ukuta. Tabia ya kiolesura kubadilika kulingana na chombo bila kupoteza manufaa yake, Thevenin na Coutaz waliipa jina mwaka 1999. Kwa Kiswahili yafaa kuiita unyumbufu.

Hiki ndicho kiunzi kilichoshika usukani katika vyuo, na ndicho kinachostahili kupimwa.

Ufuko wa Muhuru

Muhuru Bay ni mji mdogo wa wavuvi katika eneo bunge la Nyatike, Kaunti ya Migori, kwenye Ziwa Victoria, karibu na mpaka wa Tanzania. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, hasa giza linapokuwa zito, na asubuhi mitumbwi hurejea ufukoni ambako akina mama wanangoja kununua, kuanika na kuuza. Mnunuzi wa jumla aweza kuwa Kisumu au Nairobi. Samaki wapo Muhuru, pesa ziko kwingine, na kinachoviunganisha ni M-Pesa, huduma iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007 baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2005. Hakuna mfano wa kiolesura kilichotawanywa ulio mkubwa kuliko huu katika Afrika Mashariki, ingawa walioandika viunzi vya Ulaya hawakuwa na ufuko wa namna hii akilini.

Mteja anayetaka fedha taslimu huenda kwa wakala. Huonyesha kitambulisho, hufungua menyu katika simu yake mwenyewe, huchagua Toa Pesa, huandika nambari ya wakala, ambayo imechorwa ukutani au kubandikwa kibandani, huandika kiasi, huandika nambari ya siri. Kompyuta kuu hupokea, hukata na kuandika. Arafa mbili hutoka, moja kwa mteja na nyingine kwa wakala. Wakala huandika katika daftari, mteja hutia sahihi, ndipo noti hupita dirishani. Nyuso ni nne zikihesabiwa vizuri: simu mbili, daftari moja na ukuta.

Ikipimwa kwa sarufi ya Payne na Green, menyu hii yastahili sifa. Kutuma, kutoa na kulipa vyote hufuata kanuni moja: nani, kiasi gani, siri. Katika malipo ya kampuni huongezwa nambari ya akaunti tu baada ya "nani". Mtu aliyejifunza kutuma amekwisha kujifunza robo tatu ya kulipa. Inawezekana kabisa kwamba uenezi wa huduma hii katika vijiji ambavyo hakuna aliyefika kufundisha ulitokana na usawa huo wa kisarufi kuliko ulivyotokana na matangazo, na ni ajabu kwamba wanaoisifu M-Pesa kwa uchumi wake hawaisifu kwa sintaksia yake.

Lakini sifa hiyo ina mpaka. Katika menyu ya mteja hamna Weka. Anayetaka kuweka pesa hukabidhi noti zake kwa wakala, akasimama. Kitendo chote hufanyika katika simu ya wakala, na mteja hungoja arafa. Jozi ya vitenzi ambayo katika lugha haitengani, toa na weka, imegawanywa: nusu moja iko mkononi mwa mteja, nusu nyingine iko ng'ambo ya dirisha. Katika kutoa, mteja ni mtenda; katika kuweka, ni mtendewa. Anayekosewa tarakimu moja ya nambari yake wakati wa kuweka hakuwa na kitufe cha kuzuia, kwa sababu hakuwa na kitufe chochote. Mti wa Paternò ungeuonyesha mgawanyo huu mara moja, na hapo nadharia imelipa ada yake.

Toa ni kitenzi cha nani?

Kasoro kubwa ya kiunzi cha mwaka 2003 iko mahali ambapo waandishi wake hawakuiona kuwa ni mahali pa kasoro. Katika ngazi nne zile, maneno hutokea chini. Kazi na dhana huwekwa juu kana kwamba zilikuwako kabla ya lugha yoyote; kisha mwishoni kabisa huja mtu wa kupaka rangi, akaandika "Withdraw" kwa Mwingereza na "Toa" kwa Mswahili. Lugha imefanywa kuwa vazi.

Kitenzi "toa" chakanusha mpango huo. Katika Kiswahili, kutoa ni kukifanya kitu kilichokuwa ndani kiwe nje. Hakielezi kitu kimeishia mikononi mwa nani. Mtoa sadaka hupungukiwa, na mtoa maji kisimani huongezekewa, na wote wawili wametoa. Menyu inasema Toa ikiwa imesimama ndani ya akaunti na kutazama nje. Mchuuzi amesimama nje, na kwa upande wake yeye anachukua pesa, anapokea, anapata. Anayemtolea ni wakala. Kwa hiyo katika kibanda kimoja na kwa tendo moja, mteja anatoa kwa maana ya menyu na wakala anatoa kwa maana ya kawaida ya watu. Muhuru, ambako wengi huzungumza Kidholuo kwanza na Kiswahili baadaye, kitenzi golo chaingia katika shimo lile lile, kwani nacho ni cha kitu kinachoondolewa kilimokuwa. Neno la Kiingereza halina utata huu, nalo ndilo lililokuwa juu ya mti tangu mwanzo, ila halikutajwa kuwa ni neno, liliitwa "dhana".

Mfano wa pili ni wepesi zaidi. Tuma hunyambulika kuwa tumia, yaani tuma kwa ajili ya mtu. Lakini tumia pia ni kufanya kazi na kitu. "Pesa zimetumiwa" yaweza kumfurahisha mama au kumwua moyo, kutegemea kama mwana aliye Nairobi amezipeleka au amezila. Waandishi wa arafa waliliepuka shimo hilo kwa kusema "imetumwa kwa", na hapo walionyesha sikio zuri. Walioandika viunzi hawana alama ya sikio.

Tatu, arafa ya Kiswahili ya M-Pesa huanza kwa nambari ya muamala, kisha neno Imethibitishwa. Ni kitenzi cha kutendwa, bila mtenda, na kiima chake ni kiambishi i- kisicho na nomino iliyotangulia. Ni nini kilichothibitishwa, na nani aliyethibitisha? Sarufi yake ni ile ya hukumu inayosomwa na karani wakati hakimu hayupo. Jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu kama lisingekuwa ndilo mlango wa wezi. Arafa ya uongo inayoanza kwa neno lile lile, iliyotumwa kutoka simu ya mtu yeyote, hufanana na ya kweli kwa sababu ya kweli nayo haijitambulishi ndani ya sentensi yake. Ulinzi umo katika jina la mtumaji lililo juu ya ujumbe, na katika simu ndogo jina hilo ndilo la kwanza kupitwa na jicho. Mama aliyekwisha kupakia magunia ya omena kwenye gari kwa kuamini neno moja la kutendwa hana pa kulirudisha gari.

Majemadari wawili na mtandao uliokatika

Yako pia mambo ambayo hakuna ufasaha wa lugha utakaoyaponya. Mwaka 1975 Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walieleza tatizo ambalo Jim Gray, mwaka 1978, alilipa sura ya majemadari wawili. Wako juu ya vilima viwili, na adui yu bondeni. Wakishambulia pamoja watashinda. Akishambulia mmoja peke yake ataangamia. Wajumbe wao hupita bondeni na huenda wakakamatwa. Wa kwanza akituma habari, hajui kama imefika mpaka ajibiwe; wa pili akijibu, hajui kama jibu limefika mpaka naye ajibiwe; na hakuna ujumbe wa mwisho unaotosha. Huu si udhaifu wa majemadari. Ni jambo lililothibitishwa kuwa haliwezekani.

Mtandao wa simu ukizorota, mteja wa Muhuru na wakala wake ni majemadari hao. Mteja ameandika nambari ya siri, simu imenyamaza. Kompyuta kuu, iliyokuwa Ujerumani hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya, huenda imekwisha kukata pesa, au haijapata habari. Ndani yake mambo ni safi: ama muamala umefanyika ama haukufanyika. Wasiojua ni wawili waliosimama kibandani. Kwa istilahi za Dix, tokeo lipo lakini halitabiriki kwa anayetazama skrini. Akirudia, huenda akakatwa mara mbili. Akiuliza salio, swali lake litapita njia ile ile iliyoziba.

Wakala amejitungia, na pia amefundishwa, kanuni ya kutoka katika tanzi hili: haamini arafa iliyo katika simu ya mteja, huamini ile iliyofika katika simu yake mwenyewe, na asipoipata hatoi. Katika wavu wa Petri kanuni hiyo ni kete moja katika shimo moja, na huonekana ilivyo: salama kwa wakala, mzigo kwa mteja. Katika kiunzi cha ngazi nne haionekani popote, kwa sababu kiunzi kinaeleza jinsi kazi inavyoshuka kwenye vyombo, lakini hakielezi nani hubeba hasara kazi ikiwa imesimama baina ya vyombo. Kwa sababu hiyo, sifa walizopewa Calvary na wenzake zimezidi kiasi, na Petri na Dix wanaifaa Muhuru kuliko wao.

Haki itendeke pia kwa wabunifu wenyewe. Hatua ya Hakikisha, iliyoongezwa baadaye ili jina la mpokeaji lionekane kabla pesa hazijaondoka, ilikuwa jibu la kweli kwa kosa la kweli. Kama mti wa kazi ungalichorwa kwa uangalifu mwaka 2007, tawi hilo lingalionekana kukosekana.

Mtu mmoja, chombo kimoja?

Nadharia yote, ya zamani na ya sasa, imejengwa juu ya dhana kwamba kila chombo kina mwenyewe. Mtu mmoja aweza kuwa na vyombo vitano, na hilo hushughulikiwa; lakini chombo kimoja kuwa na watu watano hakumo. Ufukoni simu ya vibonye, ile ambayo Wakenya huiita kabambe au mulika mwizi, yaweza kuwa ya nyumba nzima. Bibi asiyesoma humpa mjukuu simu na nambari ya siri pamoja. Mjukuu ni nani katika mti wa Paternò? Si mteja, kwa kuwa pesa si zake, si wakala, wala si mwizi. Ni macho ya bibi. Kinyume chake, mtu mmoja aliye karibu na mpaka huweka laini mbili, ya Kenya na ya Tanzania, na kila moja ina menyu yake na shilingi yake. Vodacom ilianza M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, na huduma hizo mbili ziliunganishwa mwaka 2015. Hata hivyo Kiswahili cha menyu hakikuunganishwa, na mfanyabiashara hujifunza lahaja mbili za mashine ndani ya lugha moja.

Programu ya simu za kugusa iliyotolewa mwaka 2021 imeongeza uso mwingine. Kidole chenye maji na magamba hakisomwi vyema na kioo, jambo ambalo kitufe hakikujali. Ndio unyumbufu huo unaosifiwa, ila umenyumbuka kuelekea ofisini.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wachuuzi, na kwamba mbinu za kanuni ziliundwa kwa ajili ya ndege na mitambo ya hatari. Jibu limo katika historia ya karibuni ya Kenya. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais, na miongoni mwa sababu ilikuwa jinsi matokeo yalivyopitishwa kutoka vituoni. Matokeo ya kituo kimoja yalikuwa na nyuso tatu: tarakimu zilizobonyezwa katika kifaa, fomu 34A iliyotiwa sahihi na mawakala wa vyama, na kile kilichoonekana Nairobi. Kesi nzima, ikisomwa kwa jicho la nadharia hii, iliuliza uso upi ndio wenye neno. Mwaka 2022 picha za fomu kutoka vituo 46,229 ziliwekwa mahali ambapo raia yeyote aliweza kuzisoma, na karatasi ikawa juu ya tarakimu. Uamuzi wa namna hiyo, wa uso upi hushinda nyuso zikigongana, ulistahili kuwa mstari wa kwanza wa muundo wowote uliotawanywa. Katika ngazi nne za CAMELEON hauna ngazi.

Kibandani Muhuru uamuzi huo upo, umefanywa na watu, na haukuandikwa na mbunifu. Simu mbili zikitofautiana hutazamwa kompyuta kuu kwa njia ya simu ya huduma. Mtandao ukiwa haupo, hufunguliwa daftari. Lina tarehe, nambari ya muamala, jina, kitambulisho, kiasi na sahihi. Ndilo uso pekee ambao mteja na wakala huuona kwa pamoja, wakati mmoja, likiwa limelala katikati yao. Anayetaka kuandika kanuni za violesura vya Afrika Mashariki angeanzia hapo, kisha apande kwenda kwenye simu, badala ya kushuka kutoka kwenye dhana zilizokwisha kupewa majina katika lugha nyingine.